Pazia Lililoishia Hewani: Uchambuzi wa Dirisha Moja la Sebule, Tabata

Sebule yenyewe iko Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo familia ilikuwa imehamia karibuni. Dirisha kubwa linatazama magharibi: la aluminiamu, vioo viwili vya kusukuma, nondo kwa nje. Upana wake ni sm 240 na kimo sm 150. Ukingo wa chini uko sm 80 kutoka kwenye vigae, kwa hiyo ukingo wa juu uko sm 230. Ukuta wa jirani uko hatua chache tu kutoka hapo, na jua la alasiri linagonga makochi moja kwa moja.

Familia ilinunua Kariakoo mita 4 za kitambaa cha pamba kilichochanganywa na poliyesta, jora lenye upana wa sm 280. Fundi cherehani aliambiwa ashone pazia la ringi (lenye matundu yanayopitishwa fimbo), vipande viwili, kimo mita 2.30. Fimbo ilikuja kufungwa baadaye, pazia likiwa tayari limeshonwa.

Matokeo yakawa haya. Pazia liliishia hewani, sm 17 juu ya sakafu upande wa kushoto na sm 15 upande wa kulia. Likifungwa, lilitanuka likawa bapa kama shuka lililoanikwa, marinda hayaonekani. Ukingo wa upande mmoja ulielekea ukutani vizuri, wa pili ukajitokeza sebuleni kama sikio. Kila likivutwa pembeni, lilirudi lenyewe taratibu hadi katikati. Lilipofuliwa mara ya kwanza likapanda tena: sm 24 kushoto, sm 22 kulia. Hapo lawama zote zikamwangukia fundi.

Katika yote hayo, kosa la fundi ni moja tu. Mengine yalitendeka kabla kitambaa hakijafika kwenye cherehani yake, au baada ya pazia kutoka hapo.

Kimo: sentimita 17 zilipotelea wapi

Mita 2.30 ilipatikana kwa kupima kutoka ukingo wa juu wa dirisha hadi sakafuni. Kipimo kile ni sahihi, ila ni kipimo cha dirisha. Pazia halining'inii kwenye dirisha, linaning'inia kwenye fimbo, na fimbo ilifungwa sm 13 juu ya dirisha. Sm 13 za kwanza zikaenda hapo.

Sm 4 nyingine zimo kwenye ringi. Ringi nyingi za plastiki zina tundu la sm 4, na katikati ya tundu hukaa sm 6 kutoka ukingo wa juu wa pazia. Pazia likivishwa, ukingo wa juu wa tundu ndio unaokalia fimbo, kwa hiyo sm 4 za kitambaa husimama juu ya fimbo kama shingo. Shingo hiyo imo ndani ya kimo cha pazia zima lakini haishuki chini hata kidogo. Jumlisha 13 na 4 upate 17, ile ile iliyoonekana kushoto. Kulia zilionekana 15 kwa sababu sakafu upande ule iko juu kwa sm 2. Vigae vikitazamwa kwa macho vinaonekana sawa, lakini pindo la pazia linaloishia karibu na sakafu huumbua kila mteremko.

Sm 7 zilizoondoka baada ya kufua ni habari ya kitambaa. Asilimia 3 ya sm 230 ni karibu sm 7. Kwa kitambaa chenye pamba huo ni mrudio wa kawaida kabisa, si ubovu.

Upana: mita 4 zilionekana nyingi

Dirisha la sm 240 na kitambaa cha mita 4 yalionekana mahesabu ya ukarimu. Lakini fimbo, kutoka kichwa hadi kichwa, ina sm 290 zinazotumika, yaani sm 25 zaidi kila upande ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Mita 4 zikikatwa vipande viwili ni sm 200 kila kimoja. Kila ukingo wa pembeni hula sm 5 za pindo (sm 4 za pindo lenyewe na sm 1 ya kukunjia ndani), vikabaki sm 190. Vipande viwili ni sm 380. Gawa kwa 290 upate 1.3.

Namba hiyo ndiyo ujazo wa marinda, na ndiyo inayoamua kama pazia litaonekana pazia au shuka. Pazia la ringi linataka 2. Ukibana sana, 1.8. Chini ya 1.5 mawimbi hayajengeki, na hakuna upigaji pasi utakaoyaleta. Pazia jepesi la ndani, kwa kuwa kitambaa chake hakina mwili, linataka 2.5.

Ni afadhali kununua kitambaa cha bei ya chini chenye ujazo wa 2 kuliko cha bei kubwa chenye ujazo wa 1.3. Ubora wa kitambaa hauonekani kikiwa kimetandazwa bapa ukutani.

Ringi 11

Hili ndilo la fundi. Kila kipande kilipigwa ringi 11. Kitambaa hupita kwenye fimbo kwa zamu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Idadi ya ringi ikiwa shufwa, kingo zote mbili za kipande huishia upande mmoja, na fundi hupanga ziangalie ukutani. Ikiwa witiri, ukingo mmoja lazima uangalie sebuleni. Hakuna namna ya kuvisha pazia la ringi 11 likakaa sawa, hata ukiligeuza. Dawa ni kuziba tundu moja au kuongeza ringi, na katika kitambaa ambacho tayari ni kichache hilo huzidi kuharibu mpangilio.

Fimbo iliyojipinda

Fimbo ilikuwa ya kuvuta, ile ya mabomba mawili yanayoingiana, na ilishikwa na braketi mbili tu za mwisho. Kwa urefu wa karibu mita 3 ikabonyea sm 3 katikati, hasa pale mabomba yanapokutana. Ringi hufuata mteremko, ndiyo maana pazia lilijifunga lenyewe.

Braketi ya kulia nayo ilikuwa imeanza kung'oka. Juu ya dirisha kuna linta, yaani boriti ya zege. Aliyetoboa alikuta lipu laini, akapita, kisha dreli ya kawaida ikagoma kwenye zege, akaishia hapo. Shimo lilikuwa na kina cha sm 2, ambacho ndicho unene wa lipu. Fisha, kile kijibomba cha plastiki kinachoshikilia skrubu, haikushika zege, ilishika lipu, na lipu haina nguvu ya kubeba pazia linalovutwa asubuhi na jioni. Linta inataka dreli ya kugonga, shimo la milimita 8 lenye kina cha sm 6, vumbi lipulizwe litoke, fisha izame yote ipite lipu, na skrubu isiwe fupi kuliko sm 5. Nyumba za pwani zina adha nyingine: hewa ya chumvi. Fimbo ya chuma iliyopakwa rangi huanza kutu kwenye mikwaruzo ya ringi, na kutu hiyo huhamia kwenye kitambaa isitoke. Aluminiamu ni salama zaidi.

Marekebisho yalivyopangwa

Fimbo kwanza. Ilibadilishwa ikawekwa nzima, ya aluminiamu, pamoja na fimbo ya pili nyembamba ya nyuma kwa ajili ya pazia jepesi, juu ya braketi tatu za mbili-mbili. Ya tatu ilikaa katikati. Ringi haziwezi kuvuka braketi ya kati, lakini pazia la vipande viwili halihitaji kuvuka, kila kipande kina nusu yake.

Umbali kutoka ukutani nao ulihesabiwa. Ringi zikiwa zimeachana kwa sm 16, wimbi la pazia lililofunguliwa hutoka hadi sm 8 mbele ya fimbo na sm 8 nyuma yake. Fimbo iliyo sm 6 kutoka ukutani itafanya pazia lisugue lipu na kuchafuka mgongoni. Hapa fimbo ya nyuma ilikaa sm 8 na ya mbele sm 17. Wenye nondo za ndani wapime kuanzia kwenye nondo, si ukutani, maana ncha za nondo huchana pazia jepesi.

Fimbo ikiwa imekaza ndipo kikapimwa kimo, kwa tepu ya chuma. Futi kamba ya fundi ni nzuri mezani, lakini ikining'inizwa mita mbili na nusu hulegea au kuvutika, na ile iliyotumika miaka mingi huwa imeshanyooka kuliko ilivyonunuliwa. Tena ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na wapo waliosoma 96 wakaandika sm 96 kumbe ni inchi. Vipimo vilichukuliwa mahali patatu, kutoka mgongo wa fimbo hadi kigaeni: kushoto 243, katikati 242, kulia 241.

Nusu mita ya majaribio

Kabla ya kununua kitambaa chote, ilinunuliwa nusu mita. Kwenye jora la sm 280 nusu mita ni kipande kikubwa, na baadaye hutoa vifungio vya pazia na foronya za mito ya kochi, kwa hiyo haipotei.

Kwenye kona ya kipande hicho kilichorwa kwa kalamu ya fundi mraba wa sm 50 kwa sm 50 na mshale kuonyesha upande wa urefu wa jora. Kikafuliwa kama pazia litakavyofuliwa: maji ya kawaida, sabuni ya unga, kuanikwa kivulini, pasi. Mraba ulipopimwa tena, upande wa urefu wa jora ulikuwa sm 48, na upande wa upana wa jora sm 48.5. Yaani asilimia 4 upande mmoja, asilimia 3 upande mwingine. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu jora la sm 280 hutumika likiwa limelazwa: upana wa jora unakuwa kimo cha pazia, na urefu unaoukata dukani unakuwa upana wa pazia. Kila upande una namba yake ya kurudi.

Kipande hicho hicho kikiwa bado kibichi kilisuguliwa kwa kitambaa cheupe kuona kama rangi inahama. Kisha kikabandikwa kwa pini dirishani, kikaachwa siku nzima. Saa nne asubuhi rangi ilikuwa ile ya dukani. Saa kumi alasiri, jua likiwa nyuma yake, nyuzi zilionekana moja moja na rangi ya kahawia ikawa ya machungwa. Usiku taa zilipowashwa na mtu akasimama nje, kivuli cha aliyekaa kochini kilionekana hadi mkono wake ukinyanyua kikombe. Kwa nyumba zilizobanana namna hii, stara ya usiku ni jambo la kwanza, urembo unafuata. Majaribio hayo matatu yaliamua kwamba kitambaa kinafaa, lakini lazima kiwekewe bitana.

Hesabu mpya

Kimo cha pazia ni kipimo cha fimbo hadi kigae, toa sm 2 za kuachia chini, ongeza sm 4 za shingo. Sm 2 si nyingi wala si chache: nyumba inayodekiwa kila siku ikiwa na pazia linalogusa sakafu, pindo hulowa na kuota madoa meusi ya ukungu. Kila kipande kilihesabiwa peke yake kwa sehemu yake ya sakafu iliyo juu zaidi. Cha kushoto kinasimama kati ya 243 na 242, basi 242 - 2 + 4 = 244. Cha kulia kati ya 242 na 241, basi 243.

Pindo la juu linalobeba mkanda wa ringi hula sm 10. La chini likikunjwa mara mbili kwa sm 8 hula 16. Kipande cha kushoto kikahitaji sm 270 za kitambaa kilichokwisha kurudi. Jora la 280 likirudi kwa asilimia 3 hubaki sm 271.6. Limetosha, kwa ziada ya sentimita moja na nusu. Ingekuwa fimbo imefungwa karibu na dari, jora hili lisingetosha hata kwa dua, na hilo ni la kujua kabla ya kupanda ngazi na dreli.

Upana: fimbo 290 mara 2 ni 580, ongeza sm 20 za kingo nne, jumla 600. Gawa kwa 0.96 kwa ajili ya mrudio, ni 625. Mita 6 na robo. Duka likiuza kwa yadi, yaani wari, gawa kwa 0.914: ni yadi 6.84, nunua 7.

Mwenye kupenda kitambaa cha jora la sm 150 hesabu yake hubadilika, kwa kuwa hapo kimo hukatwa kwenye urefu wa jora. Sm 270 gawa kwa 0.96 ni karibu 281, vipande vinne, mita 11.25. Na kama kina maua makubwa yanayojirudia kila sm 64, kila kipande lazima kianze kwenye ua lile lile, kwa hiyo 281 hupandishwa hadi 320, ambayo ni marudio matano. Jumla mita 12.8. Mita moja na nusu imeliwa na maua peke yake. Wauzaji wengi hawalisemi hili, mnunuzi ndiye anayepaswa kupima kutoka ua hadi ua.

Bitana ilikuwa ya poliyesta, jora la 150: vipande vinne vya sm 255, mita 10.2, viwili vikiunganishwa kwa kila kipande cha pazia. Pazia jepesi lilichukua mita 7.5 za jora la 280.

Ushonaji

Mita 6 na robo zilifuliwa zote kabla ya mkasi, zikapigwa pasi zikiwa na unyevu kidogo. Zilipopimwa zilikuwa zimebaki mita 6 na sentimita chache, ndani ya hesabu. Ukiona uvivu wa kufua kitambaa kizima, nunua poliyesta tupu. Lakini usishone pamba isiyofuliwa juu ya bitana ya poliyesta, maana pamba itarudi, bitana itabaki vile vile, na kingo zitakunjamana kama ngozi ya goti. Hata zikiwa zimefuliwa, bitana ilishonwa juu na pembeni tu. Chini iliachwa huru, fupi kuliko pazia kwa sm 3.

Ringi 18 kwa kila kipande. Katikati ya ringi ya kwanza ni sm 8 kutoka ukingoni, ya mwisho vivyo hivyo, na sm 274 zilizobaki zikagawanywa kwa nafasi 17, ambayo ni sm 16.1. Alama zilipigwa zote kwa penseli kwanza na kuhesabiwa mara mbili kabla ya tundu la kwanza kukatwa, kwani tundu halirudishwi.

Pindo la chini halikushonwa siku hiyo. Lilipigwa pini, pazia likatundikwa siku mbili. Pazia hili na bitana yake lina karibu kilo 7, na uzito huo huvuta kitambaa kishuke kidogo. Pini zikasahihishwa likiwa linaning'inia, ndipo likashushwa na kushonwa. Kwenye kila pembe ya chini pakatiwa kipande kidogo cha chuma kisichoshika kutu, ili upepo na feni visilipeperushe.

Mapazia ya mwanzo hayakutupwa. Kuyaongezea mkanda wa rangi nyingine chini kungetatua kimo lakini si upana, kwa hiyo yalihamishiwa dirisha la chumbani lenye fimbo ya sm 160, ambako sm 380 zina ujazo unaozidi 2. Kwa kuwa kitanda kiko chini ya dirisha, yalikatwa yaishie sm 20 chini ya ukingo wa dirisha, na ule ukingo uliokuwa na ringi ya 11 ukaondolewa, zikabaki 10 kila kipande.

Sebuleni pazia sasa limeachia sakafu kati ya sm 2 na sm 3 kote. Vipande viwili vimetofautiana kimo kwa sentimita moja, na jicho halioni. Lakini vikifuliwa na kubadilishana pande, cha kushoto kitabakiza sm 1 tu kufika kigaeni na cha kulia kitaonekana kimepanda. Ndani ya pindo la juu, kwa uzi mweupe, fundi ameshona herufi K kwenye kimoja na L kwenye kingine: K ni kushoto na L ni kulia, ukiwa umesimama ndani unatazama dirisha.